Mkono Uliokuwa Unaumwa

Songambele, Kyerwa
Jumamosi asubuhi

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kibingo, na kwamba dada Vero ameshapata nguvu tangu ajifungue na kichanga chake ananyonya vizuri. Sisi hapa hatujambo. Mbuzi wazima, kahawa tumeianika, na mimi sijaunguza sufuria hata moja, ingawa Baba atakuambia vingine. Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Kwa simu ungenikatiza kabla sijafika kwenye utamu!

Uliniagiza niisafishe pikipiki ya Baba, ili Novatus, yule mnunuzi wa maharage wa Nkwenda, akija kuitazama aikute inang'aa. Ulisema heri iuzwe kuliko iozee bandani, maana mkono wa kushoto wa Baba umechoka na hauwezi tena kubana klachi. Baba mwenyewe alikubali. Ila kilichoniuma si pikipiki, Mama. Ni vile alivyosema kwamba atamwomba Paroko atafute katekista mwingine, kwa kuwa vigango, yale makanisa madogo anakofundisha, viko mbali na kwa miguu havifikiki. Tangu aseme hivyo alikuwa anakula kidogo, haongei, anakaa nyumbani kwake kama mgeni.

Basi nikachukua ndoo na sabuni. Unamjua mumeo na kamba zake za migomba: kuku atafunga, mlango wa choo atafunga, redio nayo atafunga. Kumbe na waya wa klachi aliufunga! Pale chini ya taa ya mbele aliukaza kwa kamba ya mgomba, mizunguko juu ya mizunguko, ili usinaswe na mikungu ya ndizi anapobeba. Kamba ikalowa mvua, ikakauka, ikaubana waya mpaka ukapinda kama kiwiko. Nikaikata nipate kuosha vizuri. Nilipoubana mkono wa klachi, Mama, nilipiga kelele mpaka jirani yetu Evaresta akaja mbio na jembe lake. Ulikuwa umeanza kulainika!

Nikampigia Anatory, fundi wa Nkwenda. Akaniambia niuchomoe waya kwa juu, nidondoshee oili ndani yake taratibu mpaka itokee chini, niupitishe pasipo kona kali, kisha nirekebishe nati. Akasisitiza kwamba mkono wa klachi lazima ucheze kidogo, kama upana wa kidole kwenye ncha, ndipo uanze kuvuta. Hapo tukagombana na Baba. Alikuwa ameketi kwenye kigoda ananitazama, akasema kitu cha mtu mzima hakichezi. Kumbe kila ulipocheza alikuwa anaukaza, ndiyo maana pikipiki ilinguruma mlimani bila kupanda! Nikamweleza kwamba usipocheza klachi haishiki sawasawa, inateleza na kuungua. Akaguna tu. Nikaupa nafasi yake, nikakaza nati, halafu nikaushusha mkono kidogo kwenye usukani ufuate kiganja chake, nikamwita ajaribu.

Mwanzoni alikataa. Baadaye akaja, akaubana kwa vidole vyote huku amekunja uso, akisubiri maumivu. Akaachia. Akaubana tena kwa vidole viwili. Akaniuliza kwa Kinyambo kama nimemfungia klachi ya watoto, kisha akacheka, Mama, akacheka kwa sauti! Mimi machozi yakanitoka palepale kwenye povu. Muda wote huo, mkono uliokuwa unaumwa si wa Baba, ni wa pikipiki.

Sasa niseme lile ninalolizunguka tangu juu. Novatus alikuja jana, na pikipiki hakuipata. Nilimwambia haiuzwi, na Baba akaitikia amina kama yuko kanisani. Ukitaka kugomba, gomba na mimi. Lakini kabla hujaanza, jua kwamba barua hii haikuletwa na gari la Nkwenda kama alivyokuambia shemeji Ildefonsi alipokukabidhi. Mkwe wako tulimpanga akudanganye. Ameileta Baba, kwa pikipiki, peke yake, vilima vyote vya njiani amevipanda. Hivi unavyosoma amejificha nyuma ya jiko la Vero. Milima haikumtisha, ila wewe anakuogopa. Alisema ukimwona kabla hujasoma, utamfokea kwamba amepanda pikipiki na mkono mbovu.

Nisalimie Vero na shemeji, na umbusu kichanga kwa niaba yangu. Evaresta naye anakusalimu sana. Mungu awalinde nyote.

Kunja barua sasa, Mama, uende nyuma ya jiko. Usiseme kitu. Mwambie tu akupe ule mkono wa kushoto, uushike, usikie ulivyo na nguvu.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Placidia