Pesa ya Samaki

Jumamosi, Machi 2018. Rosettenville, Johannesburg.

Mvua ya mawe imepiga alasiri, dakika kumi tu, kisha jua likatoka. Nguo zilizokuwa kwenye kamba nimezisuuza upya. Sina homa. Naanza na hilo kwa sababu wiki hii ndilo swali la kwanza ninaloulizwa nikiamka.

Nina wiki mbili sijaandika hapa. Wanaosoma ukurasa huu wanajua mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Uvira, Kongo, na kwamba mwezi wa sita, Mungu akipenda, tutapata mtoto wa pili baada ya kungoja miaka tisa. Jambo nitakaloliandika leo hawalijui. Hata mume wangu hakulijua hadi Jumatano.

Jumapili tulitoka kanisani, nikaenda moja kwa moja jikoni kukata poloni ya kuweka kwenye mkate. Kwa msomaji wa mbali: poloni ni soseji nene ya rangi ya waridi, unene wake kama mkono wa mtu mzima. Haihitaji kupikwa. Unakata, unaweka kati ya vipande vya mkate, umekula nyama. Joburg nzima inakula hivyo, hasa sisi tunaohesabu kabla ya kununua.

Asifiwe, binti yetu, alikuwa sebuleni akitazama televisheni. Yeye Kiswahili anakisikia vizuri, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza.

"Mama, weka kisu chini," akasema.

Nilidhani ananitania. Nikaenda kusimama nyuma yake. Waziri wa afya alikuwa anaongea. Kwa miezi mingi tulikuwa tukisikia kuna ugonjwa wa chakula unaoua watu, watoto wachanga kuliko wote, na hakuna aliyejua unatoka wapi. Tulichemsha maziwa, tukaosha mchicha mara mbili. Sasa walikuwa wamejua. Ni poloni. Na wanaopaswa kuogopa zaidi ni wazee, wagonjwa, na wanawake wenye mimba.

Kisu kilikuwa bado mkononi.

Mume wangu, Papa Asifiwe, husema mimi hata nikiumwa na nyoka nitauliza kwanza ni wa aina gani. Ni kweli. Hofu ikinishika, nataka kujua. Jumapili hiyo nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Vijidudu vyote nilivyovijua maishani, baridi huvilaza. Hiki kinakaa ndani ya friji na kuongezeka taratibu, bila haraka. Na akishakula mtu, kinaweza kukaa kimya hadi siku sabini kabla ya kumwangusha. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Siku sabini! Ni kiumbe gani hiki chenye subira namna hiyo?

Tulinunua friji ile baada ya kuweka akiba miaka miwili, ili chakula kisiharibike.

Jumatatu nilirudisha kipande kilichobaki supamaketi, kimefungwa kwenye mifuko miwili kama walivyoagiza kwenye televisheni. Foleni ilikuwa imetoka hadi nje. Kila mtu na mfuko wake wa plastiki, kila mtu kaushika mbali na mwili kama panya aliyekufa. Mbele yangu alikuwa Gogo, bibi mwenye nyumba tunayopanga vyumba vyake vya uani.

"Nimekula kitu hiki miaka arobaini," alisema. "Kama ni kufa, nilishachelewa." Kisha akalitazama tumbo langu, akaacha kucheka. "Lakini wewe, mwanangu, hukula, nê?"

"Kidogo," nikamwambia.

Kidogo.

Sasa niandike ukweli. Tangu tulipojua nina mimba, Papa Asifiwe amekuwa akinipa pesa pembeni kila Ijumaa. Yeye ni mlinzi kwenye maduka makubwa ya upande wa kaskazini, na ili ipatikane pesa hiyo alianza kuchukua zamu ya ziada. Akinikabidhi husema: "Hii si ya nyumba. Ni ya samaki na maziwa. Ni ya mtoto."

Nilinunua samaki majuma mawili. Juma la tatu nikapita kwenye barabara yetu kuu, nikaona chumba kidogo cha duka, kina dirisha la kioo linaloangalia barabara, na karatasi imebandikwa kwamba kitapangishwa kuanzia Aprili. Nilisimama pale muda mrefu. Nimeshona miaka kumi na moja chumbani, kitanda upande huu, cherehani upande ule, wateja wanajaribu magauni nyuma ya pazia la bafu. Nikamwendea mwenye chumba, mama mmoja Mreno, akasema atanishikia nikileta malipo ya mwanzo.

Kuanzia siku hiyo pesa ya samaki iliingia kwenye mkebe wa vifungo. Mimi na Asifiwe tukala mkate na poloni. Niliona fahari, siwezi kuficha. Niliona nina akili kuliko wanawake wote wa mtaa huu. Duka ningemwonyesha Papa Asifiwe siku ya kupewa ufunguo.

Na siku alizokuwa nyumbani jioni nilinunua samaki mmoja, nikampikia vizuri na nyanya na pilipili. Akiniuliza wangu yuko wapi, nilimwambia nimeshakula mchana.

Jumanne tulisafisha friji kwa maji ya moto na jiki. Asifiwe alisugua mpira wa mlango kwa mswaki wa zamani, ulimi nje, kama mtu anayefanya upasuaji. Nilitupa siagi, nikatupa jibini, nikatupa nyanya nusu kilo zilizokuwa nzima kabisa. Kila nilichotupa nilikiomba radhi kimoyomoyo.

Jumatano niliamka nikitetemeka.

Papa Asifiwe ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu. Alinigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, akageuka, akamwambia Asifiwe apite kwa Gogo kisha aende shule. Hakubadilisha hata sare. Tulitembea mpaka kliniki, mimi nimeshika mkono wake, na kila robot, yaani taa ya barabarani, tuliyoifikia ilikuwa nyekundu kwa watu wa miguu. Foleni ilikuwa ya kawaida ya asubuhi, ndefu. Alimwambia mtu wa mlangoni maneno mawili tu, "mimba" na "homa", wakatupitisha mbele ya wote. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jambo ni kubwa.

Nesi alikuwa mama mtu mzima, miwani kwenye kamba. Alinipima joto, akaliandika, akauliza bila kuinua kichwa:

"Umekula poloni, mama?"

Mume wangu akawahi kujibu. "Hapana, sista. Huyu anakula samaki. Kila Ijumaa natoa pesa ya samaki."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejivunia kazi yake. Nitaikumbuka sauti hiyo mpaka nizeeke.

Nesi alivua miwani akaniangalia mimi.

"Nimekula," nikasema.

"Mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku."

Papa Asifiwe aliivua kofia yake ya kazi akaishika magotini, akaanza kuizungusha.

Wakanipeleka hospitali kwa gari lao. Nikatolewa damu, nikatundikiwa dripu, wakasikiliza moyo wa mtoto, ukawa unakimbia kama cherehani isiyo na nyuzi. Nilimuuliza daktari kijana aliyechukua damu watajuaje kama kijidudu kimo. Nadhani alifurahi kuulizwa, maana alikaa akanieleza. Damu inatiwa kwenye chupa yenye chakula wanachokipenda vijidudu, inawekwa mahali penye joto, halafu watu wanangoja. Kikiota kitu, wanakitazama ni nini. Kisipoota, wanaendelea kungoja kidogo, kisha wanakwambia.

Basi kumbe hata wao wanangoja. Mahali fulani katika jengo lile damu yangu ilikuwa imeandaliwa karamu, na mimi nilikuwa naomba asitokee mgeni hata mmoja.

Alhamisi, saa ya kuangalia wagonjwa, Papa Asifiwe alikuja. Alileta machungwa. Alikaa, akamenya moja, akanipa, akaangalia dirisha.

"Mama Asifiwe, nikuulize kitu kimoja."

"Uliza."

"Yule samaki niliyekuwa nakula mimi, alikuwa wa nani?"

Nilimweleza habari ya duka, dirisha lake, mkebe wa vifungo, vyote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo duka lilikuwa letu sote," nikamalizia.

"Na uongo?"

"Uongo ulikuwa wangu peke yangu."

Akatikisa kichwa kidogo. Kengele ikalia, akaniwekea machungwa yaliyobaki karibu na mkono, akaondoka bila kusema usiku mwema. Nilimsikia akisalimiana na mlinzi wa mlangoni, mlinzi kwa mlinzi, na hata salamu ile ilinitia wivu.

Jana mchana daktari alirudi. Chupa haijaotesha kitu. Homa ilikuwa ya maambukizi ya mkojo, jambo linalowapata wanawake wengi wenye mimba, na dawa yake ninayo sasa kwenye mkoba. Papa Asifiwe alikuwa amesimama karibu na kitanda. Alimshukuru daktari kwa heshima zote, akaomba ruhusa, akatoka nje ya wodi. Kupitia mlango wa kioo nilimwona ameegemeza paji la uso ukutani, mikono miwili imeshika mkanda wa sare, mabega yakipanda na kushuka. Alikaa hivyo mpaka nesi mmoja akampa karatasi ya kufutia uso.

Daktari aliniruhusu kurudi nyumbani, lakini alisema na jambo la pili. Siku sabini bado ziko palepale. Nikipata homa yoyote, hata ndogo, nirudi bila kungoja kesho. Tumehesabu kwenye kalenda ya kanisa kutoka Jumapili ile: siku ya mwisho inaangukia katikati ya Mei.

Kwa hiyo leo asubuhi tuliketi mezani, sisi wawili, mkebe wa vifungo katikati. Ndiyo mara ya kwanza tumepanga matumizi pamoja tangu tufike nchi hii. Siku zote nilipanga mimi, nikamwarifu. Pesa iliyomo ingetosha malipo ya mwanzo ya duka. Pia ingetosha teksi ya kunikimbiza hospitali saa yoyote, na chakula na kodi kwa majuma ambayo huenda nisiweze kushona. Haiwezi kutosha vyote viwili. Papa Asifiwe hakunisukuma. Alingoja niseme mwenyewe.

Nilimpigia simu mama Mreno. Nikamwomba ajaribu kunishikia hadi Juni. Alinihurumia kweli, akaniombea kwa Bikira Maria, halafu akasema kuna kinyozi anasubiri tangu wiki iliyopita na Jumatatu atampa ufunguo.

Nilikata simu, nikalia kidogo.

"Eish," akasema Papa Asifiwe. Alikivuta kiti chake karibu.

Tukaendelea. Maharage, mayai, sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, kutoka kwa mama wa Bukavu anayeuza sokoni mtaa wa Yeoville. Asifiwe atabeba mkate na siagi ya karanga. Yeye anapimwa joto na Gogo kila jioni na anajisikia mtu muhimu sana. Zamu za ziada zitapungua, nimesisitiza mimi, kwa sababu mtu aliyechoka hivyo hawezi hata kugundua mke wake anamdanganya. Alicheka kidogo hapo, ndiyo mara ya kwanza tangu Jumatano. Kisha akaacha kucheka.

"Samaki nitanunua mimi kuanzia sasa," akasema.

Imeniuma. Sikubisha.

Hajanisamehe yote. Naona jinsi anavyofunga mlango, polepole mno, kama yuko nyumbani kwa watu. Naona pia kwamba amenichemshia maji ya kuoga bila kuombwa. Yote mawili ni kweli, na mimi nayatazama yote mawili, sijui lipi litashinda.

Jioni hii, tukiwa tumekaa, akauliza: "Kesho ukitoka kanisani unataka kula nini?"

"Mayai yameshuka bei pale kwa Wasomali," nikamwambia.

"Sijauliza bei."

"Basi maharage yapo, nimeshaloweka."

"Sijauliza kilichopo. Nimeuliza unataka nini."

Asifiwe aliacha kuandika kazi yake ya shule, akanitazama, akingoja. Najua bei ya unga kwenye maduka sita. Najua anachokipenda mume wangu, najua anachokikataa binti yangu, najua hata kijidudu kile kinapenda nini. Miaka thelathini na minane ninakula, na sikupata jina la chakula hata kimoja.

Nimemwomba anipe mpaka asubuhi. Amekubali, ameingia jikoni kuosha vyombo. Mimi nimebaki hapa na simu yangu, nikijichungulia kama mtu anayemchungulia jirani aliyehamia leo: hivi, mwanamke huyu hasa anapenda nini?