Helikopta Iliyoondoka Bila Mama Dorika

Jumatatu, 3 Novemba

Basi mpaka Spånga, treni, nabadilisha, treni ya Märsta, basi tena mpaka uwanja wa ndege. Giza kwenda, giza kurudi. Leo ndege sita za kusafisha. Mimi viti na takataka, Kabir vyoo na zulia. Kabir ni mzee wa Bangladesh, tuko timu moja tangu Agosti. Ananiita Kongo. "Pole pole, Kongo! Ndege haikimbii!" Kiswahili chake maneno kama kumi. Mengine tunachanganya Kiswidi kibovu na Kiingereza kibovu.

Leo nimemuuliza hayo maneno aliyatoa wapi. Mimi siulizagi watu. Akasema: kwenu. Alikuwa jeshi la anga la kwao, fundi wa helikopta. Wakaletwa Ituri na kofia za bluu, wale wanajeshi wa kulinda amani.

Ningenyamaza tu.

Jumanne, 4 Novemba

Saa ya kula ametoa simu, picha. Helikopta nyeupe, kubwa, ya Kirusi, milango ya nyuma inafunguka kama kabati. Pembeni bendera yao ndogo, kijani na duara nyekundu. Naijua. Sisi watoto tuliiita Kitumbo. Ikitua mabati yanatetemeka, mbuzi wanakata kamba. Kabir anaisema kama mtu anamsema ng'ombe wake. Mafuta iliyoyapenda. Sauti yake ikiwa mgonjwa. Mapanga ya juu yanavyolegea ikizimwa.

Halafu akaacha kucheka. Kuna siku moja, miaka kumi iliyopita, akasema. Walimfuata mama wa mimba, siku ya tatu ya uchungu. Wakatua uwanja wa mpira wa shule, karibu na kanisa la matofali lisilo na paa. Vijana wakaanza kutupa mawe. Yeye ndiye alikuwa kwenye mlango wa nyuma. Machela ilikuwa nusu ndani. Jiwe likapiga mkiani, karibu na kile kifeni kidogo. Likiingia pale wote wanaanguka, na ndani tayari kulikuwa na majeruhi. Rubani akapiga kelele, tunaondoka. Kabir akaisukuma machela nje. Akanionyesha mikono yake. "Hii. Hii mikono."

Akauliza kama nilisikia yule mama aliishiaje.

Ni uwanja wetu. Nilikuwepo. Nilikuwa na mawe matatu.

Nikamwambia alipona. Nikaongeza, alizaa mtoto wa kiume.

Jumatano, 5 Novemba

Niko off. Naandika yote, hakuna atakayesoma.

Mama Dorika alikuwa jirani. Alinipikia maharage mama yangu akiwa shambani. Munganga, daktari wa kituo cha afya, ndiye aliita helikopta kwa redio. Ilipoondoka wakamfunga kwenye pikipiki, katikati ya wanaume wawili. Hawakufika hospitali. Mtoto alibaki tumboni.

Wiki ile waasi walikuwa wameua watu kwetu na kofia za bluu hawakuja. Wakubwa wakasema Kitumbo ndiyo inawapelekea waasi risasi. Tulikuwa na hasira, ni kweli. Lakini mimi nilimwona kwenye machela. Kitenge chake nilikijua. Jiwe la kwanza nilitupa kwa hasira. La pili likafika mkiani, wenzangu wakanishangilia. Hakuna mtu aliyewahi kunishangilia. Ndiyo maana nikatupa la tatu.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Siyo mtoto sana.

Ijumaa, 7 Novemba

Kabir amempigia rubani wake wa zamani, yuko Dhaka, mzee sasa, kumwambia mama alipona. Akaweka spika, tumekaa viti vya mbele vya ndege. Sikuelewa neno. Kulia kwake nimeelewa. Rubani anaomba picha ya mtoto.

Kabir ameleta boksi la vitamu vyeupe vya maziwa. Nimekula vinne. Nilivimeza kama dawa.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani, halafu nyumbani Tensta kwa shangazi. Watoto wake wanagombana Kiswidi, yeye anawajibu Kiswahili, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mimi kwenye kochi na simu.

"We, mbona unaangalia simu kama kuna maiti ndani? Msichana amekuacha?"

Nikasema hapana.

"Umpate kwanza ndiyo akuache," akasema, wote wakacheka.

Nimemtumia Kabir picha ya mtoto wa binamu yangu wa Bunia. Miaka kumi, yunifomu ya shule, anacheka. Nimesema anaitwa Baraka. Jina lilikuja lenyewe. Hicho ndicho kinanitisha.

Jumanne, 11 Novemba

Rubani ameichapisha picha, ameitia fremu. Kabir anapiga mluzi juu ya mashine ya zulia. Amesema usiku analala sasa, mke wake ameshangaa. Shefu, msimamizi wetu, kamwambia, "Kabir, umeshinda bahati nasibu?"

Uongo wangu umemponya. Nikisema ukweli namrudishia ugonjwa. Nikinyamaza, wazee wawili wanampenda mtoto wa watu.

Halafu akasema: Ijumaa rubani anataka kuongea na mama mwenyewe. Dakika moja tu, amwombe msamaha. Nimtafutie namba.

Naweza kumpata mwanamke wa kuongea. Shangazi angefanya nikimdanganya vizuri. Nimelifikiria jambo hilo njia nzima mpaka Spånga. Mimi ni mtu wa namna gani.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimesema. Nyuma ya ndege, ya tatu ya leo, abiria wa kuingia wako bado nusu saa. Nilikuwa nimeshika mfuko wa takataka, nikausahau mkononi.

Nilisema kwa Kiswidi sababu maneno ni machache, huwezi kujificha. Alikufa. Mtoto alikufa. Picha ni ya mtu mwingine. Jiwe ni langu.

Kabir akakaa kiti cha dirishani. Akauliza moja tu: "Ulimwona kwenye machela?" Nikasema ndiyo.

Nilitaka anipige. Alitazama mikono yake, halafu akaanza kufunga mikanda ya viti, mmoja mmoja, kazi yangu. Safu nzima. Mimi nikasimama. Wakati wa kushuka akasema bila kunigeukia, "Leo nitampigia. Mimi mwenyewe."

Ijumaa, 14 Novemba

Kabir ameomba timu nyingine. Shefu kauliza mmegombana nini. Nikasema sijui. Uongo tena, mdogo. Nasikia haya hata kuvaa koti la kazi.

Jumatatu, 17 Novemba

Theluji ya kwanza, haikukaa.

Nilikuwa chumba cha kubadilisha nguo. Kabir akaingia na kalamu na karatasi. Akasema rubani anataka jina la yule mama, lote. Miaka yote wanasema "yule wa machela". Hawataki tena.

Mwandiko wangu ni mbaya. Nimeweka karatasi kwenye goti, nikaandika kwa herufi kubwa, taratibu. DORIKA ZAWADI. Akasoma kwa sauti, akakosea mwisho. Nikamsahihisha. Akarudia mpaka akapata.

"Na mtoto?"

Nikamwambia hakupewa jina.

Akatikisa kichwa. Akakunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaenda kwa timu yake mpya. Mimi nikachukua mifuko, nikapanda ndege ya kwanza, nikaanza na safu ya mbele.