Majiko Ninayoingilia Mlango wa Nyuma

Chumba Na. 7,
Nyuma ya Soko la Nyama.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji bado anakoroma, au ile dawa ya kupaka puani imewapa nyote usingizi? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio wenye shida, nami nitakueleza, ila kwanza nijibu ulichouliza, maana nakujua: swali lako lisipojibiwa husomi mbele.

Uliuliza mkija mwezi ujao mle wapi. Umemuuliza mwenyewe. Watu wa jiji hili wanaishi kwa kula nje, na mimi nanoa visu vya majiko ishirini na mawili. Wateja wanaona vitambaa vyeupe mezani. Mimi naingia kwa mlango wa nyuma na jiwe langu, naona yanayopikwa na wanaopigwa.

Kama mnataka samaki, nendeni mkahawa wa pale kona, wenye milango ya bluu. Samaki wao hana mfano. Ila msikae karibu na jikoni. Mwezi uliopita mpishi wa mchuzi na mpishi wa kukaanga waligombania jiko moja, wakatwangana kwa sufuria mpaka mmoja akatemea jino kwenye bakuli la saladi. Saladi ilimwagwa, nakuhakikishia, maana nilisaidia kulitafuta jino.

Supu iko kwa mama mmoja karibu na kituo cha mafuta. Mkarimu sana, lakini ukithubutu kumwambia supu imepoa, mwiko unakupata. Kuna mteja alishonwa nyuzi nne juu ya jicho, na kesho yake akarudi kuagiza mabakuli mawili. Shemeji umfunge mdomo kabla hamjaingia.

Nimekuchekesha makusudi, Dada. Sasa kaa kitako.

Ule mkahawa wa nyama wa ghorofani, anakopika mwanao Kijiko, msiende. Najua ndiko ulikotaka hasa, umwone na aproni yake. Hayupo. Yuko mahabusu tangu Jumanne kwa kumchoma kisu tajiri wake, mwenye mkahawa. Tajiri hajafa. Alitobolewa tumbo, wamemshona, daktari anasema atapona. Kijiko anashtakiwa kwa kujaribu kuua.

Yule tajiri ni mnyama. Nimemwona akimchapa muosha vyombo kwa waya wa friza mpaka shati likagandamana na ngozi. Nimemwona akimsukuma mama wa usafi, akashuka ngazi kwa mgongo. Miaka mitatu nimeona na kunyamaza, kwa sababu mnoa visu mwenye mdomo hafunguliwi jiko lolote.

Jumanne saa sita mchana mkahawa ulijaa pomoni. Mteja mmoja alirudisha nyama, akasema ngumu. Tajiri akaingia jikoni, hakuuliza neno. Alimkamata Kijiko kifundo cha mkono wa kushoto, akaubandika ule mkono juu ya bamba la kukaangia, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Harufu ile bado iko kwenye nguo zangu, nimezifua mara tatu. Mwanao aligeuza kichwa. Alinitazama mimi.

Nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwao, na visu vinne vya Kijiko nilivyotoka kuvinoa. Nikampa mwanao kimoja kwenye mkono wake wa kulia. Kikaingia tumboni kwa tajiri mara mbili. Damu ikaruka hadi kwenye lile bamba, ikachemka.

Polisi walipofika niliwaambia nilikuwa mlangoni, sikuona kitu. Ndiyo, mdogo wako huyu huyu. Kijiko naye akaandikisha kwamba alijinasua, akavuka jiko, akachukua kisu kabatini mwenyewe. Alisema hivyo ili mimi niwe salama. Na hatua hizo za uongo ndizo zitakazomfunga, maana mtu aliyekwisha kujinasua kisha akafuata kisu alikusudia kuua. Aliyepewa kisu mkono mmoja huku mkono wake mwingine unaungua alikuwa anajiokoa.

Siku nne nilikaa na uongo huo. Jana asubuhi nilipiga moyo konde, nikaenda kituoni, nikasema yote. Mpelelezi ni mwanamke wa makamo, mpole. Akataka kunisaidia. Akaniuliza kama sikuwa tu namrudishia mpishi visu vyake, kama ilivyo kawaida ya kazi, purukushani ikanikuta katikati. Ningejibu ndiyo, ningerudi nyumbani na jiwe langu, ila mahakamani wangesema nilikuwa nimeduwaa na sijui nilichokiona, na Kijiko angefungwa.

Nikamwambia, "Hapana, mama. Kawaida ya kazi tunaanza kurudisha kile kidogo cha kumenyea. Mimi nilikiruka. Nilimpa kirefu."

Akaandika, nikatia sahihi. Jumatano nirudi na mdhamini, na huenda nisitoke. Kijiko huenda akatoka. Mkono wamemfunga bandeji, vidole viwili daktari hana uhakika navyo. Nilimpelekea chai na mkate, akarudisha chai, akakataa kuniona. Amekasirika kwamba nimesema.

Msisubiri mwezi ujao. Njooni wiki hii, mtalala hapa kwangu, ufunguo uko kwa fundi cherehani wa mlango wa pili. Ukija ukaamua hunitaki machoni pako, sitakulaumu. Lakini ulinilea, kwa hiyo nakwambia wewe peke yako. Nilipokiruka kile kidogo nilitaka yule mtu afe. Hilo mpelelezi hakuniuliza, na hata leo, Dada, bado nataka.

Nisalimie shemeji, umsomee polepole, ila hilo la mwisho uliruke, moyo wake unaujua. Nisalimie shangazi na wale mapacha wake watundu. Mungu awafikishe salama, na amlinde mwanao vizuri kuliko nilivyomlinda mimi.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako, Mnoa Visu.