Laini Niliyokusajilia

Odilia,

Leo sikuombei pumziko. Padri ameshakuombea, wanajumuiya wamekuombea, na mimi siku ya mazishi nililia kuliko ndugu zako. Inatosha. Leo nina hasira na wewe.

Unamjua Editha wangu. Nani hapa Bugomora hamjui? Mtoto wa wakulima wa kahawa, mama yake darasa la saba, leo anakaa kwenye kompyuta za usalama wa nchi huko Dodoma. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniambia anafanya nini hasa. Alichoniambia ni kwamba simu, hata ukiwa umenyamaza nayo mfukoni, inauambia mnara iko wapi, na kompyuta inaunganisha mnara, saa na jina, kama mtu anayefuata kwato za ng'ombe asubuhi baada ya mvua. Mengine nikajazia mwenyewe. Nilijivuna, nakubali. Nani angezaa mtoto yule akanyamaza?

Na wewe ndiye niliyekuwa nikikusimulia kila kitu, tukigeuza kahawa juani. Wakati huo ulikuwa unahangaika kupata laini ya simu. Kitambulisho hukupewa, kwa sababu baba yenu alitoka Burundi na karatasi zake hazikuonekana. Nikakwambia, mwenzangu, vidole ninavyo kumi. Tukapanda bodaboda, nikaweka dole gumba langu kwenye kile kimashine cha kusajilia, laini ikawa yako kwa jina langu. Ukacheka, ukasema, "Laini ya mama yake Editha, nani ataigusa?" Nilidhani unanisifu.

Kumbe ulimpa Laurian, kaka yako, avushie kahawa ya magendo kwenda ng'ambo ya mto wa mpakani.

Unajua nilivyopata habari? Niliitwa Kayanga, kwenye ofisi ya serikali. Vijana wawili wenye adabu, shikamoo mama, karibu kiti, wakanisomea siku, saa na mnara wa kando ya mto, wakaniuliza nilikuwa navusha nini. Mimi, ambaye hata mtaro naogopa kuuruka. Jina langu lilikuwa limetokea kwenye kompyuta za ofisi ya mwanangu mwenyewe. Mashine zile zinajua kidole ni cha nani. Nani alikuwa ameishika simu hazijui. Nikasema laini ilipotea. Nikaidanganya serikali kwa ajili yako, na Editha akasimamishwa kazi mpaka ijulikane simu ilikuwa kwa nani.

Nilikuja hospitali ulikolazwa, na uji wa ulezi. Nikakusihi useme neno moja tu mbele ya mtu wao, ukiwa bado na pumzi. Ukageukia ukuta. "Mama Editha, wewe una mtoto mwenye cheo. Mama yangu, mimi nikiondoka, anabaki na Laurian tu." Kwa hiyo cheo cha mwanangu ndicho kilichokuwa ngao yenu tangu mwanzo. Ukafa na neno lako. Tena ulikufa umeshika mkono wangu, mwizi wewe.

Juzi Editha alipiga simu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, ulikuwa ukinisimulia kwa nani?" Mtoto niliyemsomesha kwa jembe, halafu mdomo wangu ndio uliomfikisha hapo. Mdomo wangu na wewe.

Jumatatu narudi Kayanga. Nitataja jina lako lote, la ubatizo na la baba. Najua kutoka kwako watakwenda kwa Laurian. Akajibu mwenyewe, ana ndevu.

Ila sikutaka mama yako aje kuambiwa na watu wenye gari la serikali. Jana nilikwenda nikamwambia mwenyewe, tukimenya ndizi. Alimenya nyingine nne. Kisha akaniuliza kama kwangu kuna kitanda kifupi, maana magoti yake hayapandi tena. Nikamwambia kipo. Nimempa chumba cha Editha, kile chenye dirisha.

Kwaheri, Odilia. Sijakusamehe, na kaburi lako nimelipalilia leo asubuhi. Usichanganye mambo hayo mawili. Mama yako atakula kwangu, ataota jua uani kwangu, na siku yake ikifika nitamlaza kando yako mimi mwenyewe. Hilo nakuahidi, na mimi siyo wewe.

Mama Editha