Chumba cha Chini Tulichomchimbia Mama

Maskat,
Mfungo Tano

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia na kuubusu mkono wako kutoka huku mbali. Vipi magoti? Kaka Seif ameniandikia kwamba siku hizi ngazi za nyumba yake hapo Mombasa zinakushinda, unashuka kwa kukalia kidato kimoja kimoja kama mtoto. Nilicheka, kisha nikalia. Sisi wazima wa mwili, alhamdulillahi. Lakini roho yangu haijatulia, na sitaki ufike huku ukayakuta mambo ambayo sikukwambia.

Unajua kuwa ukija na meli ijayo tulikusudia ulale chini, usipande ngazi. Nyumba hii ya babu yake Khalfan ni kuukuu, na chini yake mna chumba nusu kimezama ardhini, walichokuwa wakiwekea tende. Sakafu inanata mpaka leo, na dari iko chini, hata mimi na ufupi wangu naingia nimeinama. Mume wangu Khalfan akasema, "Mama haji kwangu akainama kila siku kama anayetafuta sindano. Tutachimba, sakafu ishuke."

Fundi hatukumwita. Ndani ya ukuta wa mji huu mtu haigusi nyumba yake, hata kuziba tundu, mpaka apate ruhusa ya serikali, na watu huiomba hiyo ruhusa hadi wakazeeka. Basi tukachimba wenyewe kwa siri, yeye na jembe, mimi na kapu. Udongo nilikuwa nikiutoa nje ya lango la mji asubuhi, nimeufunika nguo chafu juu, kama ninayekwenda kisimani kufua. Kila nikimpita askari wa langoni naharakisha mwendo. Wanawake wa kisimani wakaniuliza mbona nguo za watu wawili haziishi kufuliwa, nikawajibu kuwa mume wangu mchafu sana. Masikini Khalfan, jina lake limeharibika Maskat nzima.

Mama, tulichimba kana kwamba tuko kwetu Unguja. Unaikumbuka nyumba yetu ya mtaani Malindi, kuta za mawe na chokaa, msingi umeshuka chini ya sakafu kiasi cha mtu kuzama kiunoni. Khalfan hakuwaza kwamba duniani kuna ukuta usiokuwa hivyo. Ukuta wa nyumba hii ni mawe na udongo, na umekaa juu ya ardhi tu, hapo hapo inapoanzia sakafu. Tulipofika pembeni, kwenye ukuta tunaoshirikiana na jirani, jembe likapita chini yake. Nikaona vijiwe vinadondoka kimoja kimoja, na hapana aliyevigusa. Nikasema, "Khalfan, toka." Akasema, "Ngoja kidogo." Nikamvuta kwa nguvu, nusura kikoi kimvuke.

Tulipopanda juu, ufa ulikuwa umekwisha tutangulia mpaka darini, unaingia kidole. Kilichonitisha hasa si nyumba yetu. Maana upande wa pili wa ukuta ule ni jiko la Bi Shamsa, jirani yetu, na wajukuu wake hulala mchana pale pale ukutani kwa kuwa pana ubaridi.

Nikamwambia Khalfan tukawaambie. Akabadilika uso.

"Rayya, nnakuomba. Wakijua wao, mji mzima utajua. Ntafungwa mimi, na Mama atakuja amkute nani? Shimo ntalifukia leo leo, ufa ntauziba, hapana atakayejua."

"Na watoto je?"

Akachukua kapu, akashuka. Nikasikia changarawe zinamwagika huko chini, nisijue ni za kapu lake au za ukuta. Sijapata kuogopa vile, hata siku tuliyoondoka Unguja, kwani siku ile tulikuwa tunakimbia na hapa nilikuwa nimesimama. Nikavaa buibui, nikatoka bila ya kumuaga, nikabisha hodi kwa Bi Shamsa.

Kiarabu changu bado ni cha kuombea chumvi. Nilimshika mkono, nikamwonyesha ukuta, nikamwambia, "Watoto, watoe." Ufa ulikwisha tokea upande wake, nyuma ya mitungi. Akautazama, akatazama nguo zangu zilivyojaa udongo, akaelewa yote. Nikangoja anitukane. Akawatoa watoto, akamwita mumewe, Bwana Humud, naye akatuma mtu kijijini Sidab kwa nduguye mvuvi. Vikaletwa vipande vya milingoti mikuukuu, wakavisimamisha chini kuukinga ukuta, Khalfan yumo kati yao amejaa vumbi.

Lakini milingoti haifichiki kapuni. Askari wa langoni aliuliza inakwenda wapi, na siku ya pili Khalfan akaitwa. Bwana Humud akafuatana naye. Mimi nilibaki na Bi Shamsa, kila mlango ukigongwa nasema ndio wanakuja kunambia. Walirudi baada ya adhuhuri. Mzee yule alikwenda akasema ukuta ni wake, umechoka, na kijana wa jirani alikuwa akimsaidia kuukinga! Wameachiwa. Amri ni milingoti ikae, asiongeze mtu hata jiwe; na sakafu, kasema Bwana Humud, tuirudishe ilivyokuwa.

Kwa hiyo chumba chako hakipo, Mama. Utalala juu, chumbani kwetu, mbali na ukuta ule, nasi tutalala kwengine. Khalfan anasema atakupandisha mgongoni. Amejaribu na gunia la mchele, akaanguka mara moja tu, usimwambie kama nimekwambia.

Nisalimie Kaka Seif na wifi yangu Zainabu, na shangazi Bi Nunu anayekukanda magoti, mwambie namuombea dua.

Sitakudanganya kwamba nyumba iko salama. Kila alfajiri naupapasa ufa kwanza, ndio naenda kutia udhu. Mawingu yakitanda juu ya majabali, nabaki dirishani kuyachunga, maana udongo na mvua havipatani. Khalfan naye anaogopa, namuona, lakini kila mmoja anamficha mwenziwe. Ukiona bora ubaki kwa Kaka, sitakulaumu, na huenda ndiyo akili. Ila uliniuliza mimi nataka nini. Nataka uje, Mama. Nimechoka kuogopa peke yangu.

Mwanao akupendaye,
Rayya