Siku ya Maulidi Nilipomjibu Mgeni

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo Nassor,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babako hajambo, na dadako kajifungua salama. Nyumba bila wewe imepwaya.

Unauliza uwajibu nini wenzio huko ugenini wanaosema Waislamu tunamwabudu Mtume. Nami niliulizwa hivyo hivyo, nikiwa kigori mwenye haya, nasoma Kiarabu chuoni na Kiingereza kwa mwalimu wa Kizungu. Mama alimwalika bibi huyo maulidini kwetu. Tuliposimama kumswalia Mtume, akaninong'oneza kwa Kiingereza: "Huyo ndiye Mungu wenu?"

Niliona haya kumkanusha mkubwa, tena mgeni. Nikasema, "Ndiyo."

"Kasemaje mgeni?" mama akauliza, akitunyunyizia marashi.

"Kayasifu marashi, mama."

Mama akafurahi, akampa chupa nzima. Mwalimu akarudi kwao na jibu langu. Mama alikufa akiamini mgeni alituelewa. Natamani mno dakika ile irudi, na mama awepo.

Wewe waambie: Mtume ni mtu, mja wa Mungu. Twampenda, twamwombea rehema. Anayeabudiwa ni Mungu peke yake. Sema kwa sauti, mume wangu. Kwa hilo usije ukanifanana.

Bibi yako