Ubeti Ambao Mvua Haiungoji

Jumapili. Nimetoka misa ya kwanza, nguo nimezianika, na jua la asubuhi linawaka kwa ule ujanja wake wa Kericho, kana kwamba litadumu mpaka jioni. Mwili umechoka. Koo limekauka. Moyo haujui kama unataka kulia au kucheka, ndiyo maana nimefungua shajara yangu hii ya mtandaoni kabla ya kuosha zile gambuti zangu zenye tope la jana.

Jana ilikuwa siku ya tamasha la mji.

Ninyi wasomaji wangu wachache (najua mpo, hata kama mnasoma kwa siri kama watu wanaokula nyama siku za Kwaresima) mnalikumbuka. Kila mwaka jukwaa husimamishwa uwanjani, wachoraji huning'iniza picha zao, wacheza ngoma hutimua vumbi, na alasiri hupewa waimbaji wasiojulikana, wale waitwao chipukizi. Mimi nimekuwa chipukizi miaka mitano mfululizo. Mparachichi nilioupanda nyuma ya nyumba mwaka ule wa kwanza sasa unazaa, na mimi bado nachipuka.

Mwezi uliopita simu ililia nikiwa kwenye cherehani, nashona kola za sare za shule. Alikuwa Kiprono, kijana wa kamati ya tamasha.

"Madam Kemunto, mwaka huu tumekupea kazi kubwa. Utakuwa mlezi wa machipukizi."

"Na kuimba?"

"Aii, kuimba si tuwachie watoto sasa."

Nikasema asante. Mimi, nikasema asante! Kisha nikashona mkono wa shati mahali pa kola.

Mume wangu aliposikia alifurahi kwa dhati. "Si hiyo ni kupandishwa cheo?" aliniuliza. Nikampakulia chakula. Mtu anayekuonea fahari humrushii mwiko.

Lakini kilichoniuma si umri. Kuna jambo moja nililotaka kulijua kabla sijaondolewa jukwaani: je, katika miaka hiyo yote, kuna mtu hata mmoja aliyewahi kunisikia?

Nauliza kwa sababu chipukizi huimba saa tisa. Ratiba huletwa na wenye jukwaa na spika, watu wa Nairobi, na kwenye karatasi inapendeza. Mtu aliyezaliwa huku, hata mtoto wa chekechea, anajua kwamba ikikaribia saa nane unaanua nguo. Saa tisa mvua yetu haibishi hodi. Kila mwaka nimewaambia, na kila mwaka wamecheka, wakasema wataomba Mungu. Nami kila mwaka nimesimama pale na gauni langu la njano, nikafika ubeti wa tatu, mvua ikamwagika, watu wakatawanyika, nikabaki nawaimbia viti vya plastiki.

Wimbo wenyewe ni ule ule mmoja. Unauliza, kwetu ni wapi? Ubeti wa kwanza anajibu baba, aliyetoka Kisii kijana akaja kuchuma chai: kwetu ni kule walikolala wazee wake. Wa pili anajibu mama: kwetu ni mahali unapowasha moto. Wa tatu wanajibu wajomba, ambao kila tukienda matanga huko Kisii hunitazama kwa jicho la pembeni na kunikumbusha kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Wa nne najibu mimi, niliyezaliwa Chepseon, humu humu Kericho, nikasoma Chepseon, nikaolewa Chepseon, na ambaye bado huulizwa sokoni, tena kwa upole, nitarudi kwetu lini.

Ubeti wa nne haujawahi kusikika.

Basi jana nikavaa gambuti badala ya gauni. Kazi yangu ilikuwa kuwapanga vijana, kuwapa maji, kuwaambia zamu zao. Wa mwisho alikuwa Chebet, msichana mwembamba wa Kabianga, anayeimba kwa Kikipsigis, lugha ya wenyeji wa huku, huku muziki ukitoka kwenye spika. Alitetemeka kwa woga mpaka nikamfunga leso yangu mabegani.

Alikuwa mzuri. Shajara ni ya nini kama si kusema ukweli: alikuwa mzuri kuliko mimi, na wivu ulinikaba kama ugali usio na mboga.

Alipoingia ubeti wa pili, mvua ikaja. Stima ikapotea. Spika zikanyamaza katikati ya neno, na watu wakaanza kunyanyuka.

Na mimi nikafurahi.

Ilikuwa muda mfupi tu, lakini nilifurahi. Nilijisikia nikisema moyoni, karibu mwenzangu, sasa umejua.

Kisha akageuka, akanitazama. Hakuwatazama waliokuwa wakikimbia, alinitazama mimi, kama mtoto anayetafuta wa kumvusha barabara. Jukwaa lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye sauti. Sauti yangu haihitaji stima, imekulia kwenye kelele za cherehani. Ningepanda ngazi zile tatu, nikauanza wimbo wangu, na hakuna ambaye angenilaumu. Ulikuwa tayari ulimini.

Nikaitikia wa kwake.

Kikipsigis changu ni cha sokoni, cha kusalimia na kupunguza bei, lakini kiitikio chake kilikuwa kifupi na nilikuwa nimekisikia siku zote za mazoezi. Nikakitoa kutoka pale chini, miguu topeni, nikipiga makofi. Akaanza tena, polepole. Wanawake waliokuwa wamejibanza kwenye hema la chapati wakaitikia pia, maana lugha ni yao na mimi nilikuwa naiharibu. Mmoja alinicheka bila kujificha. Kiprono akaja mbio na mwavuli, akasimama asijue amfunike nani. Hakuna aliyerudi kwenye kiti chake, lakini hakuna aliyeondoka uwanjani. Chebet akauimba wimbo wake mpaka neno la mwisho, na mvua ikinyesha.

Nilishangilia mpaka viganja vikawaka moto. Sehemu ya makofi yale ilikuwa ya kweli na sehemu ilikuwa ya uongo, na sijui ipi ilikuwa kubwa.

Baadaye tulikaa kwenye hema lile la chapati tukinywa chai. Nilidhani atanishukuru, na nilikuwa nimeshatayarisha maneno yangu ya unyenyekevu.

"Anti," akasema, "hiyo wimbo yako ya kwetu ni wapi, inaishanga aje?"

Nikamuuliza ameujulia wapi.

"Si mimi hukujanga kila mwaka na mathe. Tunasimamanga hapo kwa ukuta. Baba anasema yake, mama anasema yake, wajomba wanasema yao. Halafu mvua. Tukifika nyumbani mathe anauliza, sasa huyo mama mwenyewe alisema kwao ni wapi?"

Nikakiweka kikombe chini. Kumbe huko Kabianga kuna nyumba ya Wakipsigis ambamo mama na binti yake wamekuwa wakilingoja jibu langu mwaka baada ya mwaka, na mimi nikidhani nawaimbia viti.

Lile nililotaka kulijua, nikawa nimelijua. Na unajua nilifanya nini? Nilimwambia koo linaniuma, tutaongea siku nyingine.

Nimelifikiria hilo misa nzima. Padre amehubiri, sijui amehubiri nini. Ningeweza kuuanza wimbo kwa ubeti ule wa nne. Ningeweza kuwafupisha wajomba, Mungu anisamehe, wamezoea kuongea sana. Badala yake kila mwaka nimeuvuta ubeti wao, nikiuzungusha na kuurudia, jicho langu likiwa kwenye mawingu. Nimeilaumu mvua miaka mitano, kumbe nilikuwa naingoja. Niliogopa kusimama katikati ya Kericho, mbele ya watu ambao babu zao walizikwa kwenye udongo huu, niwaambie kwetu ni wapi. Niliogopa mtu atacheka. Zaidi niliogopa kwamba hakuna atakayecheka, watanitazama tu.

Nimeandika na kufuta asubuhi nzima, na sasa simu imelia. Ni ujumbe wa Chebet.

"Anti, koo imepona? Mathe anauliza."

Nimeutazama ujumbe huo mpaka chai ikapoa. Nimefuta jibu la kwanza, na la pili. Kisha nimemwandikia ubeti wote, na hapa naweka mwisho wake, ili nisipate pa kujificha tena:

Kwetu ni hapa, msiniulize tena,
ninapoijua mvua kabla mvua haijanena.

Nimetuma. Hajajibu bado, pengine anamsomea mama yake.

Saa nane inakaribia. Naenda kuanua nguo.